Mbwa Wanne na Kidari cha Baba Mkubwa

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
6 Desemba

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti lako limetulia na mvua hizi, na Mama naye hajambo pamoja na kikohozi chake anachokikatalia dawa. Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na dukani hatupumui, maana kila fundi wa mji huu ameshika nguo za Krismasi na wote wamegundua wiki hii hii kwamba hawana zipu.

Najua unashangaa kupata barua wakati simu ipo. Baba, simu yako ukiipokea unaiweka sauti ya juu, nusu ya Kilema inasikiliza, na haya ya leo sitaki yafike kanisani kabla hayajakufikia wewe. Ndiyo maana nimempa Hillary, mtoto wa jirani, anayepanda huko nyumbani kesho, akukabidhi mkononi. Nina neno zito la kukuambia. Nakuomba usirukie ukurasa wa mwisho kama unavyofanya na gazeti, maana ukianzia huko utanikasirikia bure kabla hujacheka.

Kwanza, mbwa. Kila ukisikia mbwa kwenye simu ukaniuliza ni wa nani, nakujibu kwamba ni televisheni ya jirani. Si televisheni. Ni mbwa wangu, wako wanne, na naishi nao humu humu ndani, chumba na sebule, ghorofa ya tatu. Uso wako nauona hadi huku. Kwako mbwa hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, hula makombo na kulala nje. Hawa wangu ukiwafunga mnyororo, mnyororo utawashinda uzito. Aliye mkubwa kuliko wote anaenea kwenye ndoo ya lita kumi.

Ilianza kwa huruma tu. Mzee Marcelino, fundi cherehani aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka langu, alihamia Mwanza kwa binti yake mwaka jana. Akaniachia kijibwa chake cha kike kiitwacho Malkia, akasema ni wiki mbili tu, akishapata nafasi atatuma mtu. Hakuniambia kwamba Malkia ana mimba, na nina hakika mzee yule alijua vizuri sana. Wiki ya tatu nikakuta watoto watatu ndani ya kapu la nyuzi. Kwa kuwa wamezaliwa kwenye bidhaa zangu, nikawaita Zipu, Kifungo na Lastiki. Mzee Marcelino nikimpigia siku hizi ananiuliza habari za biashara, za Mwanza, za mvua, halafu mtandao unakatika.

Kuishi na mbwa wanne wadogo, Baba, ni kama kuwa na darasa la chekechea lisilo na saa ya kwenda nyumbani. Zipu hafungi mdomo, hata jina halikumsaidia. Kifungo anatafuna viatu, lakini vya mguu wa kushoto tu, hivyo nina viatu vingi vizuri vya kulia. Malkia amejitwalia kiti cha wageni, na mgeni akija anamkazia macho mpaka mgeni mwenyewe anaomba kigoda. Lastiki, kitinda mimba, ni mwizi. Kila akipendacho anakivuta chini ya kitanda changu: soksi, kijiko, utepe wa kupimia. Ukimkuta analala chali na kukuonyesha tumbo, na mimi hapo hasira huniisha.

Shida yangu kubwa ilikuwa mwenye nyumba, Bi Tatu. Ni mtu wa Pwani hasa, mtu wa swala tano, na nguo yake ikiguswa na mate ya mbwa ni lazima ioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Siku alipowaona nilianza kukunja nguo zangu. Yeye akakaa kwenye ngazi, akafikiri, kisha akanipa masharti. Mbwa wasikanyage ngazi zake kamwe, washuke wamebebwa. Wasisogelee bomba la uani. Na nisimwambie mtu yeyote kwamba ameruhusu. Kwa hiyo kila asubuhi mwanao anashuka na kreti la soda kichwani, vichwa vinne vinachungulia, na wauza nyanya wa chini wananiuliza nauza bei gani. Bi Tatu mwenyewe hakaribii hata hatua tatu, ila akiwa dirishani anawaita kwa majina na kuuliza kama Lastiki amekula. Kila Ijumaa nakuta mfuko wa vichwa vya samaki kutoka Feri umening'inizwa mlangoni kwangu. Nikimshukuru anasema ni vya paka. Baba, nyumba hii haina paka.

Sasa nafika kwenye kidari.

Mwezi uliopita ulichinja mbuzi ukatuma kidari kwa basi, nikipeleke Upanga kwa Baba Mkubwa Heriel, kwa kuwa yeye ndiye kaka yako na kwa desturi yetu kidari ni chake. Ulinikumbusha kwamba ni cha kwanza kumpelekea tangu msiba wa Bibi, miaka kumi na moja sasa, tangu ile Alhamisi mliyomzika Bibi bila kumngoja, yeye akafika jioni akakuta kaburi limeshafukiwa, akageuza bila kunywa hata maji. Hukuniambia kwamba unataka arudi nyumbani Krismasi hii. Lakini ulinipigia mara nne kuuliza kama basi limefika, nikaelewa.

Nilikichukua stendi ya Mbezi jioni, kimefungwa vizuri kwa majani makavu ya mgomba. Asubuhi nikakiweka juu ya kigoda karibu na mlango nisije nikakisahau, nikaingia kuoga. Nilipotoka nyumba ilikuwa kimya. Ukikaa na mbwa wanne, Baba, kelele hazikutishi hata kidogo. Ukimya ndio unaokufanya ukimbie na taulo. Nikawakuta wamejipanga sakafuni kama kwaya, midomo inang'aa mafuta, majani yametapakaa hadi chini ya kitanda. Kidari kilikuwa kimebaki kipande cha kiganja, na Malkia alikuwa amekikalia.

Nilipiga ukelele mpaka Bi Tatu akapanda ngazi. Nikamwambia nitakiosha kipande kile, hata mara saba. Akaniambia nyama iliyokwisha kuliwa na mbwa haipelekwi kwa mzee wa watu, niitupe, niende mikono mitupu nikaseme ukweli. Nikamjibu ndiyo. Aliposhuka nikafanya langu. Nilikwenda buchani kwa Khalfani nikanunua kidari kingine cha mbuzi. Nikaomba majani makavu kwa wauza ndizi, yale yanayofungashiwa ndizi kutoka kwetu, nikijipa moyo kwamba majani angalau ni ya Kilimanjaro kweli. Halafu nikakifukiza kwenye jiko la mkaa roshani, kipate harufu ya moshi wa jikoni kwa Mama. Watu wa mtaani walipiga kelele za moto. Nikawaambia napika.

Baba Mkubwa alinipokea kwa mikono miwili. Alifungua majani taratibu, akaigeuza nyama, akainua jani moja moja na kulikung'uta, kama mtu aliyepoteza kitu. Akaniuliza kama ni hicho tu ulichonipa. Nikasema ni hicho tu. Akafunga tena, akanishukuru, akanipa chai, akaongea habari za joto. Nilipogusia Krismasi akasema atasali hapa hapa mjini. Nikatoka nikimwona ana moyo mgumu, na kwenye simu nilikuambia hivyo.

Ndipo uliponiuliza kama aliliona jani la isale.

Baba, sikujua habari ya isale lolote. Ulilificha ndani ya majani bila kunieleza, na mimi majani yale nilikuwa nimeshayafagia. Nikaogopa. Nikakujibu kwamba aliliona. Ukasema basi, kama ameliona na amekataa, hakuna tena la kufanya, ukakata simu. Hilo ndilo neno langu zito. Nilikudanganya, na kwa uongo wangu ukaamini kwamba kaka yako amelikataa isale lako. Wiki tatu nimekula chakula bila kusikia ladha yake.

Mwishowe nikamweleza Bi Tatu. Nikamfafanulia kwamba kwetu Uchagani aliyekosa akipeleka jani la isale lililofungwa fundo, anaomba msamaha, na aliyeletewa hawezi kumfukuza. Hajawahi kunigombeza vile. Alisema nimewatenganisha wazee wawili kwa kuogopa aibu ya asubuhi moja. Kisha akakusanya khanga zake, akakanyaga kizingiti changu kwa mara ya kwanza tangu mbwa waje, akaniamuru nisogeze kitanda.

Tulikuta soksi tisa, vijiko viwili, slipa ya kushoto, na isale. Fundo lako lilikuwa bado limekaza. Ncha moja imekauka, nyingine imetafunwa, na lote linanuka mafuta ya mbuzi. Lastiki alilala chali.

Jana nililifunga kwenye kitambaa safi nikaenda Upanga, na Lastiki ndani ya mkoba. Nilipiga magoti nikasema yote, tangu kuoga mpaka moshi wa roshani. Baba Mkubwa alilishika isale muda mrefu, akiyapapasa yale matundu ya meno. Akaniuliza ni yupi. Nikafungua mkoba. Walitazamana, na mzee akaanza kucheka mpaka akashika ukuta, na nilipomwangalia vizuri alikuwa analia, wala hakujificha. Alisema wiki tatu amekuwa akijiambia kwamba mdogo wake amemtumia nyama tupu kama anavyotumiwa mpangaji. Alisema isale halikataliwi, hata likiwa na meno ya mbwa. Alisema kwa miaka kumi na moja ameandaa maneno ya kukuambia, na sasa hakumbuki hata moja. Kisha akataka kujua kama pale kwenye kaburi la Bibi pamepandwa maua au kahawa, nikamwambia maua, na Mama ndiye anayeyamwagilia.

Nisamehe, Baba. Sina isale la kukuletea kutoka Kariakoo, nina barua hii tu. Nitapanda nyumbani tarehe ishirini na mbili, na kreti langu. Hawalali nje, nakuomba tusibishane juu ya hilo. Msalimie sana Mama, umwambie afiche viatu vya kushoto. Bi Tatu naye anakusalimu, na anasema siku nikisafiri na mbwa nyumba itakuwa safi hatimaye, ila nisichelewe kuwarudisha.

Baba Mkubwa tutapanda naye basi moja. Nimemuuliza kama ana neno la kukutumia, akaniambia niandike hivi hivi: "Severine, kidari changu sikukila, kililiwa na mbwa. Nakuja kukila mwenyewe. Safari hii mnisubiri."

Ni mimi mwanao akupendaye,
Angela