Usilikate Jani la Katikati

Mjukuu wangu Zuhura,

Hapa Kibiti hatujambo, na mimi bado bibi harusi: babu yako mpya hunitazama mpaka chai inapoa, nami naona haya! Lakini swali lako limenikosesha raha. Usilikate jani la katikati la mtende wako chotara wa mapambo, hata kama limegoma kufunguka. Nikiwa msichana kule Salale, nilikata jani changa la mkindu wa mama nimalizie mkeka wa harusi yangu, na kwa haraka zangu kisu kikazama hadi kwenye moyo wa mti. Mama akasema, "Haya, bibi harusi, mkeka umepata, mkindu umeua!" Kila asubuhi nilichungulia, shina halikuchipua tena. Lingoje tu jani lako lifunguke lenyewe, mwanangu. Babu yako anaipiga picha barua hii akutumie kwenye simu, maana naogopa umeshashika kisu.

Bibi yako