Maua Yaliyowatangulia Samaki

Delfina,

Kikaratasi hiki nimekificha chini ya kikombe chako, baba yako asikione. Katoka kwenda kununua minyoo ya chambo. Supu ya sukuma na soseji iko jikoni. Ipashe tu, chumvi inatosha.

Asubuhi kashuka, akayaona yale maua ya njano kwenye chupa hapa mezani, akasimama kama aliyeitwa. Si unaujua msemo wa wavuvi: kichaka kikichanua, samaki wa milia wameshaingia ghubani. Papo hapo kawapigia wenzake wa kuvua, Norman, kisha Gil. "Maua yametoka, bwana. Jumamosi alfajiri. Na kahawa safari hii nabeba mimi, yako inafaa kuoshea vyombo." Akacheka. Tangu tulipomzika baba yako mdogo Tobias alikuwa hata simu zao hapokei.

Sasa nimwambieje kwamba matawi yale niliyakata mwenyewe, nikayatia kwenye maji ya uvuguvugu humu ndani ili yachanue kabla ya wakati? Baridi imenichosha, mwanangu, nilitaka rangi tu. Kichaka chenyewe huko nje bado ni vijiti vitupu. Samaki wako mbali, na wazee watatu wataganda majini bure.

~~Akirudi mwambie ukweli.~~

Usimwambie kitu. Mtafutie soksi zake nene. Pazia la upande wa kichaka lisifunguliwe mpaka Jumamosi ipite. Na jioni yabadilishie maua maji, yasije yakapukutika kabla hajaondoka.

Mama