Mlango wa Mikono Miwili

Mpendwa Bi. Odette wa safu ya ushauri,

Nimeficha jambo moja kwa miaka tisa, na kwa kuwa daktari ameacha kunitajia miezi niliyobakiza na sasa ananiuliza tu kama nalala vizuri, naliandika hapa mwanzoni kabla mkono haujakataa: siku ya mauaji katika shule yetu ya sekondari hapa Kelso Mills, nilikuwa na bastola.

Jina langu unalijua. Mimi ni Lowell Haverstick niliyefundisha uraia shuleni hapo hadi nikastaafu, na mji huu wote unanijua kwa sentensi moja, ile niliyoitoa jioni ya siku hiyo nje ya kanisa walikokusanyika wazazi, mwandishi wa televisheni aliponisogezea kipaza sauti na kuniuliza nilikuwa wapi, nami nikausikia mdomo wangu ukisema, "Kama ningekuwa na silaha, yule msichana angekuwa hai." Sikuipanga, Bi. Odette, nilitaka tu aondoe kile kipaza sauti, lakini kulipokucha sentensi ilikuwa imeshatoka nje ya jimbo, na tangu hapo nimeiona kwenye fulana na mabango na nyuma ya magari, wanaotaka walimu wabebe bunduki wanaitaja kama neno la mwisho, na wanaotaka bunduki zipunguzwe wananijibu kwa upole kama mtu anayemjibu mfiwa, kwa sababu mimi nilikuwapo na wao hawakuwapo.

Msichana mwenyewe ni Corinne Dubbs. Kila mwaka niliwagawa wanafunzi pande mbili wafanye mdahalo juu ya haki ya kumiliki silaha, na mwaka ule hoja ilikuwa walimu wapewe bastola au wasipewe, na Corinne alikuwa upande wa kupinga. Lazima nikueleze habari ya mlango wa darasa langu, maana aliutumia: ulikuwa umevimba kwa unyevu, na ukiwa umefungwa kwa ufunguo haukufunguka, si kwa ndani wala kwa nje, mpaka uvute kitasa kwa nguvu kwa mkono mmoja huku unazungusha ufunguo kwa mwingine, ndiyo maana kila asubuhi wanafunzi walinikuta nimeinama koridoni naweka kikombe changu cha kahawa sakafuni. Corinne alisimama, akanitazama, akawaambia wenzake, "Jamani, huyu mwalimu tunampenda, lakini kufungua mlango akiwa na kahawa kunamshinda. Leo mnataka ashike na bastola?" Darasa zima lilicheka na mimi nikacheka kuliko wote, na bastola ilikuwa kwenye mkoba wangu muda huohuo, chini ya insha zao. Nilikuwa naibeba tangu yale mauaji ya shule nyingine tuliyoyaona kwenye taarifa ya habari. Ni bastola ndogo ya marehemu baba yangu, na kuileta shuleni ilikuwa kosa la kufukuzwa kazi.

Siku yenyewe kijana aliyekuwa amemaliza shule yetu mwaka uliotangulia aliingia kwa mlango wa ukumbi wa michezo. Mimi sikuwa na kipindi, nilikuwa peke yangu nasahihisha. Niliposikia milio nilifunga mlango kwa ufunguo, nikazima taa, nikatoa bastola, nikajibanza nyuma ya meza, na sikutoka. Kanuni tuliyoizoea kwenye mazoezi ya kujifungia madarasani mvamizi akiingia ilikuwa wazi, kwamba mwalimu akishafunga hafungui kwa mtu yeyote, hata akiitwa kwa jina, mpaka polisi wafungue wenyewe, na mimi nilifuata kanuni. Corinne aliangukia koridoni, karibu na darasa langu. Polisi walipokuja nilitoka nimeinua mikono, bastola imo ndani ya soksi, na hakuna aliyempapasa mwalimu mwenye mvi.

Sasa shida yangu ni hii. Baba yake Corinne, Everett, fundi wa matrekta ambaye zamani hakujali siasa hata kidogo, ameshikilia ile sentensi yangu kama mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima, amezunguka nayo jimbo zima, na muswada wa kuwaruhusu walimu kubeba bastola anausukuma yeye. Kamati ya bunge la jimbo itausikiliza Jumanne ya wiki ijayo. Everett huja kwangu kila Alhamisi na sufuria ya mchuzi wa kulungu, anakaa kitandani kwangu, ananisimulia nani amekubali na nani anasitasita, na Alhamisi iliyopita aliniomba nijirekodi kwenye simu nikiirudia sentensi ile kwa sauti yangu, hata kama ni kwa kukohoa, "maana wakikuona ulivyo, mzee, hakuna atakayethubutu kupiga kura ya hapana." Na mjukuu wangu Maren, anayefundisha watoto wa darasa la pili na ndiye anayenihudumia, tayari amejiandikisha kwa mafunzo ya bastola ya walimu. Aliniambia akiwa ananibadilishia shuka, "Babu, mimi nitafanya kile ambacho wewe hukupata nafasi ya kukifanya."

Nikisema, namvunja Everett, na wale wa upande wa pili watanibeba juujuu kama kombe, na mimi sijui hata kama nakubaliana nao, maana nimekulia katika nyumba yenye bunduki ukutani na nimefundisha vijana walioziacha bunduki za kuwindia kwenye magari yao uwanjani mwa shule bila mtu kugeuza shingo. Nikinyamaza, nakufa mtu mwema. Naomba uniambie kosa lipi ni dogo.

L. H.


Mzee Haverstick,

Nimekuhurumia nusu ya barua, nusu nyingine umenikasirisha, kwa hiyo nivumilie.

Kwanza, woga. Kuogopa bunduki si dhambi. Ungeniambia tu kwamba ulijificha ukatetemeka, ningekuandikia mistari mitatu ya kukupa pole na kukuambia ulale. Watu walio na mafunzo na sare nao wamewahi kubaki nje ya mlango. Hilo mji ungekusamehe siku hiyohiyo, kama usingewahi kutupa sentensi ya uongo tukaifanya bendera.

Pili, usinisumbue na pande mbili. Unajificha nyuma yake kama ulivyojificha nyuma ya meza. Nani atakubeba kama kombe, nani atakutukana, hayo si yako tena. Kama walimu wabebe bastola au wasibebe, wataamua waliochaguliwa, na huenda wakaamua vibaya. Lakini waamue kwa kitu kilichotokea. Ulifundisha uraia maisha yako yote. Hili hukuhitaji kuniuliza mimi.

Tatu, na hapa ndipo nilipoisoma barua yako mara ya pili. Umenieleza kwa urefu kanuni inayomkataza mwalimu kumfungulia mtu yeyote, hata akiitwa kwa jina. Umenieleza mlango unavyofunguka. Halafu hujaniambia kwamba kuna mtu aliyegonga. Mzee, mtu hajitetei kwa kosa ambalo hajashtakiwa. Nimeendesha safu hii muda mrefu, najua barua inavyokuwa inapokwepa kitu. Umekiri kwangu habari ya bastola ili nisikuulize juu ya mlango.

Basi, mimi usiniambie. Mwambie Everett. Mwambie Alhamisi hii, akiwa bado amesimama, kabla hajakupakulia mchuzi, maana ni aibu kumwambia mtu habari kama hiyo ukiwa umeshiba chakula chake. Usilie kabla yake. Usimtajie kanuni. Usimweleze ulivyoteseka, yeye ameteseka zaidi na hana siri ya kujifariji nayo. Akikuuliza swali, jibu alilouliza, kisha nyamaza. Akiondoka, usimwite.

Maren aambiwe na wewe, siku hiyohiyo, asije akayasikia dukani. Kamati ipigiwe simu iambiwe kwamba Lowell Haverstick ameifuta kauli yake. Sababu utawapa ukishamwambia Everett, si kabla. Na hiyo bastola, popote ulipoitia, sherifu aje aichukue. Mtu mgonjwa mwenye siri hapaswi kulala nayo nyumba moja, na unajua nisemalo.

Barua yako siichapishi wiki hii. Haitaingia gazetini mpaka Everett awe ameisikia kinywani mwako. Umetaka kufa mtu mwema. Muda wa hilo umepita. Bado unao muda wa kufa mtu mkweli, lakini si mwingi, kwa hiyo acha kuniandikia mimi.

Odette


Bi. Odette,

Anayeandika ni Maren, mimi natamka tu, mkono umekataa. Chapisha zote, na majina yetu. Everett amekubali.

Alikuja Alhamisi na sufuria. Nilimwomba asikae. Nilimwambia juu ya bastola, na kwamba Corinne aliufikia mlango wangu akiwa hai. Alizima televisheni ambayo wala haikuwa na sauti, akaniuliza, "Alikuita?" Nikasema ndiyo. "Alisemaje?" Nikamwambia alisema, "Mwalimu, ni mimi. Fungua." Alikuwa anagonga kwa kiganja, taratibu, kama mtu asiyetaka kusikiwa na mwingine. Everett akatoka, akakaa ndani ya gari lake uani bila kuliwasha. Nilidhani amemaliza na mimi. Baadaye alirudi, akasema, "Nimefuata sufuria yangu," akaichukua na mchuzi wake ndani, akaenda. Sikumwita.

Jumanne alikwenda mbele ya kamati hata hivyo. Maren aliniwashia televisheni nikamwona. Aliwaambia sentensi ile haikuwa ya kweli, kwamba silaha ilikuwapo na binti yake amekufa, na kwamba yeye hajui tena apendekeze nini, kisha akarudi kukaa. Wameahirisha kura. Sherifu amechukua bastola. Maren hajaniambia kama atakwenda kwenye yale mafunzo, na simuulizi.

Ila sasa hivi, hapa tulipofika, ameweka kalamu chini na kuniuliza jambo ambalo Everett hakuweza kuuliza. "Babu, sauti uliijua. Na bastola ulikuwa nayo. Kwa nini hukumfungulia?"

Nimemwambia aandike jibu kama nitakavyolisema. Sikuwa nimeganda, wala sikuwa nafikiria kanuni. Nilitoka nyuma ya meza nikaenda mpaka mlangoni. Ufunguo ulikuwa umo kwenye kitasa. Nilikuwa nimeukaribia kiasi cha kumsikia akipumua upande wa pili. Mlango ule ulitaka mikono miwili, na mmoja wangu ulikuwa umeshika bastola. Kahawa niliiweka chini kila asubuhi. Bastola sikuiweka.