Chai Niliyokunywa Kwanza

Wandera, rafiki yangu,

Ni mimi Owor, mlinzi wa geti. Naandika nyuma ya kitabu cha geti kwa sababu karatasi nyingine sina, na kuomba sitaki. Mkono wangu umezoea namba za malori, maneno haujayazoea. Ukiona mstari umepanda mlima usinicheke. Shule niliiacha kule Molo, darasa la tatu, baada ya kumpiga mwalimu. Hiyo unaijua. Nilikusimulia mara nyingi, na wewe ulisema kila nikisimulia mwalimu anazidi kuwa mnene.

Nimemvunja Kipara mkono. Naanza na hiyo ili ufurahi. Jumanne, hapa hapa getini, mbele ya madereva wote, mchana kweupe. Mfupa ulilia kama muhogo mkavu. Na umri wangu huu! Nionyeshe mzee mwingine Busia nzima mwenye mkono kama wangu.

Lakini ngoja, usifurahi sana. Nitaeleza yote, hata yale unayoyajua, maana kitabu hiki kitasomwa na wengine pia.

Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha. Lori halivuki mpaka bila barua ya kibali, na barua hizo ni za kompyuta, zinapita kwenye ile mashine ya barua ya chumba cha nyuma, mashine uliyoilea wewe kama mtoto. Ulinifundisha kuitazama. Ulisema, "Mzee, hii namba ni foleni. Barua zinazongoja kutoka. Ikiwa thelathini, kaa na chai yako. Ikipita mia, niite." Nilikuita kila mara, hata kwa thelathini na moja, kwa sababu nilipenda watu waone naitwa chumba cha mashine.

Ukanifundisha na ile nyingine, mnayoita DNS. Mashine ya barua haijui nyumba ya mtu, ulisema. Kabla ya kutuma lazima iulize mashine nyingine, huyu anakaa wapi? Nikajibu kwamba hata kwetu mgeni huuliza njia. Ukacheka, ukanipiga bega. "Umeelewa kuliko bosi!" Nilitembea na sifa hiyo mwezi mzima. Pale kwenye chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, kabla mtu hajashika mrija, nilikuwa nimeshamweleza.

Sasa siku ile.

Namba ilikuwa imepita mia sita. Malori yamejaa mpaka nje ya yadi, ya tangu jana yake. Nyanya zimeanza kuoza, maji mekundu yanachirizika chini ya trela, nzi wamejaa. Wewe uko ndani tangu asubuhi. Ulitoka mara moja tu, ukachukua kipande cha muhogo wangu bila kuomba, kama kawaida yako, ukasema, "Mzee, barua hazina ugonjwa. Kila barua inamuuliza maiti njia kwanza. Inamngoja ajibu, hajibu, ndipo inamuuliza aliye hai. Mia sita zote hivyo hivyo. Nikimpata huyo maiti ni nani, nimemaliza." Ukarudi ndani unatafuna. Mimi sikuelewa, na kuuliza ni kazi ya wajinga, kwa hiyo sikuuliza.

Madereva wakaja getini. Mbele yao huyo Kipara, dereva wa nyanya, mkubwa kama mlango wa kanisa. Akaniuliza kwa dharau, "We mzee wa fimbo, unajua nini kuhusu barua zetu?"

Wandera, ningesema sijui. Neno dogo hilo. Lakini mimi na kuitwa mzee wa fimbo! Nikasimama, nikasema, "Barua zenu anazo Wandera. Amezishika mle ndani, mia sita. Mimi nikimwambia aachilie, anaachilia."

Kipara akasema, "Basi nenda umwambie."

Nikamwambia, "Nitakunywa chai kwanza."

Nikakaa. Nikamimina chai, nikaipuliza. Waliningoja wote wamesimama juani, wanaume arobaini, na mimi nikaona utamu wa kungojwa. Nilikunywa polepole makusudi. Kikombe hakijafika nusu, mtu akapiga kelele nyuma, "Anashika barua zetu ili tumpe kitu! Tumtoe!" Geti lilianguka na mimi niko chini yake.

Walikuburuta nje kwa miguu. Kichwa chako kilipiga kila ngazi, na ngazi ni nne, nimezihesabu kila asubuhi tangu siku hiyo. Walikupiga mateke, walikupiga kwa mawe, na yule Kipara alishika spana ya tairi kwa mikono miwili kama mtu anayepasua kuni. Nilipojinasua nilipiga na mimi. Niling'oa meno ya mmoja, nikampasua mwingine sikio, nilikuwa fahali aliyeona moto. Wakanikimbia. Lakini nilikuta wamemaliza. Kompyuta yako ilikuwa chini, kioo kimevunjika, bado inawaka, na ile namba bado inapanda.

Ukanitazama kwa jicho lililobaki. Ukasema, "Mzee, umewaambia nini?"

Nilisema, "Nyamaza, gari linakuja." Hukufika hospitali ya Masafu.

Kule kwenu Buteba siku ya kukuzika, mzee wa ukoo alisimama juu ya ule udongo mwekundu akauliza mara tatu, mwenye neno na marehemu aseme kabla hatujamfunika. Mara ya tatu nikasimama. Mke wako akanitazama. Na mimi nikapayuka kwamba nitamuua aliyefanya hivi, nitamchinja kwa mkono wangu, mimi Owor! Wanaume wakanipigia makofi. Nikakaa chini. Neno lenyewe nikalimeza, na udongo ukamwagwa.

Polisi walikuja kuniuliza. Nani alishika spana? Nikasema sikuona vizuri, vumbi lilikuwa jingi. Mimi, ninayesoma namba ya lori likiwa bado mlimani! Nilijua nikimtaja Kipara na yeye atanitaja. Walikuwa wamemshika kwa kushuku tu, wakamwachilia.

Foleni ilipungua yenyewe baada ya siku chache, hakuna aliyejua kwa nini. Wakamleta dada mmoja kwenye kiti chako, anaitwa Nafula. Mwembamba, mkali, hali muhogo wangu. Siku ya kwanza nilimwambia hicho ni kiti cha mtu. Akanijibu, "Najua, Mzee. Ndiyo maana nimekifuta vumbi."

Basi wiki hii namba ikapanda tena. Mia mbili, mia nne. Jumanne mchana ilipita mia saba, na malori yamejaa tena mpaka nje, na mbele ya watu nikamwona nani? Kipara. Amenona. Anapiga geti kwa kiganja. "Mwambie huyo mwanamke aachilie barua, ama tumtoe kama tulivyomtoa yule!"

Sikumbuki kufungua geti. Nakumbuka rungu. Pigo la kwanza mkono, ule wa spana, ukavunjika. La pili goti, akaanguka chali kwenye matope. Nikamkalia kifua. Kile kichwa chake cheupe kikawa chini yangu kama yai, na nikainua rungu kwa mikono miwili kama yeye alivyoinua. Nilikuwa na furaha, Wandera. Sikufichi. Nilikuwa na furaha kama ya harusi.

Akalia, "Mzee! Si ni wewe uliyetuambia amezishika? Wewe mwenyewe! Hapa hapa!"

Madereva wote walisikia. Nafula ametoka kwenye ngazi, amesikia. Rungu liko juu. Na mimi nikasikia sauti yako kabisa, siyo ya kaburini, ile ya muhogo mdomoni: Mzee, umewaambia nini?

Nikashuka kutoka kifua cha yule mtu. Nikawaambia wote kwa sauti, "Nilidanganya. Wandera hakushika barua. Hakuna mtu anayeshika barua. Nilitaka mnione mkubwa, nikanywa chai, akafa. Anayetaka kumtoa huyu dada aanze na mimi, na leo sina vumbi machoni, nitawaandika wote."

Hakuna aliyesogea. Mmoja akatema mate karibu na kiatu changu. Nikayapokea.

Nikaingia kwa Nafula. Nikamwambia yale uliyosema, neno kwa neno, kwamba inamuuliza maiti kwanza. Halafu vidole vyake vikaanza kukimbia. "Mzee, mbona hukusema siku zote hizi?" Nikasema sikuelewa na niliona aibu kuuliza. Akanionyesha kwenye kioo orodha ya mashine za kuulizwa njia. Ya kwanza kabisa ni ile kuukuu mliyoiacha stoo upande wa Kenya tulipohama. Siku ile yako umeme ulikatika kule, ukarudi, ndiyo maana foleni ilipona bila daktari. Safari hii stoo imefungwa moja kwa moja. Mashine imekufa, na barua zetu zote bado zinasimama mlangoni kwake zinabisha hodi.

Alifuta mstari mmoja. Mmoja, Wandera! Namba ikaanza kuporomoka, mia sita, mia tatu, arobaini. Nje simu zikalia kwenye mifuko ya madereva zote pamoja, vibali vimefika. Nilitoka nikaenda nyuma ya jenereta nikalia mpaka kamasi. Mstari mmoja ndio uliokuwa unautafuta, na muda wa kile kikombe changu cha chai ungekutosha kuufikia, kama ningewaambia madereva, "Mpeni nafasi, anatafuta."

Sasa nimebaki mimi wa kurekebishwa. Kila asubuhi nikifungua geti nakuuliza wewe kwanza. Nimruhusu huyu? Mvua itanyesha? Nangoja, hujibu, ndipo nauliza walio hai. Mstari huo wa kwako siufuti. Mashine ifanye yake na mimi nifanye yangu.

Kipara yuko na plasta mkononi na lori lake liko yadini, funguo ninazo mimi. Kitabu hiki, ukifunua mbele, kina namba ya lori hilo kwa siku ile, saa aliyoingia, kwa mwandiko wangu. Kesho asubuhi nakipeleka polisi chote, mbele na nyuma. Nitasema nani alishika spana. Nitasema nani alikunywa chai. Wakinifunga pamoja na yeye, poa, nitampiga huko ndani. Hapana. Nimefuta hiyo. Sitampiga.

Nikirudi, nitapanda Buteba nimwambie mke wako hilo neno nililolimeza, nikiwa nimesimama pale pale kwenye udongo. Muhogo nitaleta. Kipande chako nitakiweka, usikichukue bila kuomba.

Lala, rafiki. Chai sijanywa leo. Sitainywa mpaka niwe nimesema.

Owor, wa geti