Lodi Hakufika Vitani, na Jumapili Tunamzindulia Kibao

Mpendwa Mshauri Bernie, niokoe kabla ya Jumapili, maana nimejitia matatani mwenyewe. Mimi ni katibu wa chama cha historia hapa Clonbarra, Ireland, na miaka miwili nimekuwa nikimfuatilia Lodi wetu, yaani bwana mwenye ardhi zote hapa zama za Malkia Victoria, kapteni wa wanamgambo wa kaunti, ambaye kila mtu hapa anasema aliumizwa mguu vitani Krimea, na jirani yangu Mzee Malachy Tiernan ndiye atakayezindua kibao cha kumkumbuka Lodi ukumbini, kwa kuwa babu wa babu yake alikuwa sajini wa Lodi na eti alimbeba mgongoni risasi zikilia. Mimi niliamini orodha ya maofisa iliyochapwa, jina la Lodi limo miaka kumi na moja mfululizo, kumbe wiki iliyopita nimepata daftari la mahudhurio, mazoezi yalikuwa siku ishirini na saba tu kila kiangazi, watu wakishapanda viazi, na Lodi alifika miaka miwili tu, ile tisa kaandikwa "yuko ruhusa" na Sajini Tiernan katia sahihi badala yake, kikosi hakikuvuka bahari, na mguu aliuvunja alipoanguka kutoka kwenye farasi akiwinda mbweha. Nilipomdokezea Mzee Malachy akaweka kikombe chini: "Binti, hadithi hiyo ndiyo kitu pekee alichoniachia baba. Ukiniaibisha mbele ya padri, mlango wangu usiujue tena." Tangu mama afariki sina mtu mwingine wa karibu ila yeye. Ninyamaze?

Attracta

Attracta, pole, ila umenichekesha mpaka nimemwaga chai. Miaka miwili unamsaka mwanamume ambaye hata kazini kwake hakuonekana! Ungeniuliza mimi, niliolewa na mmoja wa aina hiyo.

Sasa hebu isome barua yako tena. Nani alitia sahihi? Nani alikuwepo kila kiangazi, akiwafundisha wakulima kupiga kwata huku bwana wake akifukuza mbweha? Umemkodolea macho Lodi mpaka sajini amekupita mbele ya pua. Katibu mzima!

Kunyamaza, hapana. Atatokea mjuaji mmoja na daftari hilohilo, na hapo mzee ataaibika kweli. Kesho piga picha kurasa zote tisa, nenda kwake na keki ya zabibu, na usianze na habari za farasi. Mwekee kidole juu ya ile sahihi, umwambie, "Mzee, huu ni mkono wa babu yenu mwenyewe." Halafu funga mdomo, mwache asome.

Jumapili azindue kurasa hizo. Kibao cha Lodi kiwekeni stoo. Kutokuwepo ameshazoea.