Kelele za Laibrari ya Risiti

Jumanne jioni

Leo nusura nizime logi zote, yale maandishi ambayo programu yetu hutoa ikifanya kazi, haki ya Mungu. Ile laibrari, msimbo ulioandikwa na watu wengine, inayotutengenezea risiti za wakulima wa majani chai inaandika kila kitu inachofanya, mpaka makosa yetu wenyewe hatuyaoni.

Chebet, tunayekaa naye meza moja ofisini, akanizuia. “Majani magumu unachambua, humwagi gunia lote. Nyamazisha hiyo moja, iseme tu ikiwa na shida.”

Niliandika mstari mmoja wa msimbo, kelele zikaisha. Ndipo kosa likaonekana: kilo za leo za kituo anakopeleka Mama majani yake ya chai hazikuingia kwenye mfumo wetu. Na mizani ya kituo hufuta rekodi zake kila jioni! Tuliziwahi kabla hazijafutika.

Mama alipopiga simu, aliuliza tu kama nimekula. Nikasema ndiyo. Kesho chapati za Chebet ni juu yangu.