Wewe Huna Matamvua

Baba Rehema,

Salamu utazipata ukirudi. Leo nina hasira, wala sitaki kuipamba.

Unakumbuka wiki ile ya kwanza ya ndoa yetu, hapa Kanga? Nilikuwa napaa samaki changu uani, ukaja ukamfunua shavu ukanionyesha matamvua mekundu. "Hapa ndipo anapopumulia," ukasema. "Anameza maji, yanapita humu, hewa yake inaingia kwenye damu, maji yanatokea ubavuni." Nikakuuliza kama na wewe unayo. Ukanipa shingo niipapase. Tulicheka sana siku ile.

Kumbe ulijua! Sasa mtu anayejua hivyo anakwendaje kuzamia majongoo ya bahari kwa mpira wa kompresa, mashine ya kujazia upepo matairi, moshi wa mashine hiyo ukimwingia kifuani?

Ulipoletwa umebebwa, miguu imekufa ganzi, daktari alisema ulikaa chini mno ukaibuka kwa pupa. Wenzako wa dago, kambi yenu ya uvuvi, wakakataa. Eti ni jini wa bahari, mmezama bila kumpa chake. Akachinjwa mbuzi, ukafukizwa ubani. Miguu ilipopata nguvu, sifa zote akapewa mbuzi! Nikakusihi usirudi, ukanijibu, "Mama Rehema, jini keshakula, sasa njia nyeupe." Ukakunja mkeka wako, ukaenda zako dago, huko Ras Kisimani.

Njia nyeupe ya kwenda wapi, mume wangu? Jini gani huyo anayewapiga wenye mipira tu, wavuvi wa mishipi anawaacha? Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Mimi sijakubali kwamba lako ni la kufa. Nakupenda, ndiyo maana naungua hivi, na sitaki kukaa eda na ujana huu.

Jana nilimkuta Rehema kainamia ndoo, uso wote umo majini. Nikamvuta. Akakohoa mpaka akatapika.

"Unafanya nini wewe?"

"Najifunza kupumua kama baba."

Nikamwambia baba yake si samaki, kule chini anavuta hewa inayosukumwa na mashine. Akanitazama.

"Na mashine ikizimika?"

Ameniuliza tena leo asubuhi, na mchana. Njoo umjibu wewe, maana baba yake ni wewe.

Mungu akutoe huko ungali mzima.

Mkeo mwenye hasira,
Mama Rehema